Kucheza kwa Zamu na Mama Mkwe

Nilimwambia mke wangu naenda Litein kununua chakula cha ng'ombe, na nilikinunua, kwa hivyo sikusema uongo, nilipunguza tu maelezo. Nilikuwa naenda klabu. Ilikuwa Jumamosi yake ya mwisho kabla ya kubomolewa lijengwe duka la simiti na mabati, na wazee wawili waliobaki wa bendi iliyozaliwa humo walikuwa wamekubali kuja kupiga gitaa mchana. Baba alikuwa akituwekea nyimbo zao kwenye redio tukichuma chai, na tangu utotoni nilitaka kitu kimoja tu: kucheza kwenye ile sakafu.

Nikaingia, nikaweka gunia mlangoni, nikamwona mama mkwe.

Alikuwa ameketi karibu na jukwaa na soda yake, mwenyekiti wa akina mama kanisani, kitambaa kimefungwa kichwani kama yuko ibadani. Tulipoonana kila mmoja aliangalia dari. Kwetu mtu hamsalimii mama mkwe kwa mkono, hali naye meza moja, na kutikisa kiuno mbele yake ni heri uhame kata. Naye vilevile hawezi kucheza mbele yangu. Gitaa zikaanza. Mguu wangu ukajipigia sakafu wenyewe, nikaukanyaga kwa ule mwingine. Chini ya meza yake niliona naye anapigana na mguu wake.

Nyimbo mbili zikapita hivyo. Niliumia, sitaficha.

Mhudumu, msichana wa kutoka upande wa Kisii, alituangalia mpaka akachoka. "Mzee, kwani mko na kesi na huyo mama?"

"Ni mama mkwe."

"Si mcheze kwa zamu basi?"

Akaenda kumnong'oneza, akarudi. "Amesema sawa, lakini utoke kwanza. Anasema hapa ndio alipatana na marehemu mzee wake."

Nikatoka bila ubishi. Nilisimama nyuma ya klabu nikikagua chai ya watu kama afisa wa kilimo, wimbo mzima, nikamwongezea na wa pili kwa heshima ya baba mkwe. Zamu yangu ilipofika, mvua ya mawe ikaanguka.

"Mama anasema hawezi kutoka," mhudumu akaleta ripoti. "Lakini atageukia ukuta."

Akageuza kiti. Nami nikacheza. Mabega, magoti, macho nimefunga, nilicheza ngoma zote nilizokuwa nimezicheza jikoni peke yangu, nikamkumbuka baba, nikafurahi. Wimbo ulipoisha mhudumu alinigusa bega.

"Mama anasema kwa huo wimbo mzee wake alikuwa anarudi nyuma mara mbili, si mara moja. Anaomba urudie."

Nikageuka. Ukutani mbele ya mama mkwe palikuwa na kioo kikubwa cha tangazo la bia, na mimi nilikuwa nimejaa ndani yake kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitambaa.

Ningeweza kukimbilia nje nipigwe na mawe, na nilifikiria hivyo. Lakini wale wazee walikuwa wameshauanza wimbo upya. Nikaelekeza uso mlangoni kwa adabu, nikarudi nyuma mara mbili, kisha mara mbili tena, mpaka mvua ikaisha.