Pedeli za Gitaa na Udongo wa Ikombe

Mimi ni fundi redio. Nina kibanda cha mbao pembeni mwa soko, Kyela mjini, na natengeneza redio, simu, pasi na kingine chochote chenye waya ndani yake. Ufundi nilifundishwa na baba yangu, ambaye hakuwa na mtoto wa kiume na wala sikumbuki kumwona akisikitika kwa hilo. Mume wangu ni mkulima wa mpunga. Tunaishi Ngonga, na Jumapili anapiga gitaa kwenye kwaya ya kanisa letu. Kwenye habari ya pedeli niliingizwa na yeye.

Pedeli ni kisanduku cha chuma kinachokaa sakafuni, kati ya gitaa na spika. Mpigaji akikikanyaga, sauti ya gitaa inageuka. Kuna zinazoikwaruza, kuna zinazoirudisha kama mwangwi, kuna zinazoitetemesha. Ya mume wangu aliinunua kwa mpigaji mmoja wa Karonga, ng'ambo ya mpaka, ikiwa tayari imekanyagwa miaka mingi. Ilikufa siku ya Pasaka, katikati ya wimbo. Kesho yake akaniletea kibandani imefungwa kwenye kitambaa, kaibeba kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba kifaranga kilichogongwa.

Nilifungua skrubu nne nikitegemea kukuta mambo makubwa. Nikakuta transista mbili, rizista chache, kapasita chache, basi. Redio ndogo ya mkulima wa kawaida ina vitu vingi kuliko hivyo.

"Imekufa kabisa?" akaniuliza.

"Transista moja imeungua. Lakini baba watoto, kitu hiki mimi naweza kukitengeneza mwenyewe, kuanzia mwanzo."

"Mwanzo uko wapi?"

Nikamwonyesha kapu la redio mbovu lililokuwa chini ya meza. Akaliangalia, akaniangalia mimi, akavuta stuli akakaa. Mume wangu si mtu wa maneno mengi. Akikaa, maana yake ameamini.

Ya kwanza niliijenga ndani ya kopo la kakao ya unga. Niliona inafaa, maana nusu ya jirani zetu wanalima kakao na hakuna hata mmoja anayeinywa. Mume wangu alipoikanyaga, kopo likabonyea likawa bapa. Ya pili nikaiweka kwenye boksi la chuma la kuzamisha ukutani, yale ambayo mafundi umeme wanafungia swichi za taa. Ni imara, yanapatikana kila duka la vifaa, na pembeni yana matundu ya duara ambayo kiwandani huachwa kwa ajili ya kupitisha waya. Tundu moja nikaingizia waya wa gitaa, la pili waya wa spika. Hiyo haikubonyea. Ila sauti yake ilikuwa ya mashine ya kukobolea mpunga.

Mimi nilifurahi, kwa kuwa ilitoa sauti. Mwalimu wa kwaya hakufurahi. Ni mtu mpole, mwenye mwendo wa taratibu, na alisubiri mazoezi yaishe ndipo akamwendea mume wangu.

"Kaka," akamwambia, "gitaa lako linaumwa. Lipeleke likapumzike."

Tulirudi nyumbani tukicheka njia nzima. Kisha mume wangu akaniambia anachokitaka hasa. Alikuwa na santuri za zamani za marehemu babu yake, na katika moja kuna gitaa ambalo sauti yake inapanda na kushuka haraka haraka, kama taswira ya mtu kwenye maji yanayocheza. Nilisikiliza mara nyingi. Nilielewa kinachofanyika: sauti inapunguzwa na kuongezwa, inapunguzwa na kuongezwa, bila kuchoka. Niliwaza namna ya kuifanya kwa vitu nilivyonavyo, nikakumbuka zile taa za sola za uani ambazo zinajiwasha zenyewe giza likiingia. Ndani yake mna kijicho kidogo kinachohisi mwanga. Nikaking'oa kimoja, nikakielekeza kwenye kitaa chekundu kinachowaka na kuzima, vyote viwili vikiwa ndani ya boksi. Kitaa kikiwaka, kijicho kinaizamisha sauti. Kikizima, sauti inarudi.

Ilinichukua wiki nyingi, lakini siku ilipokubali, mume wangu alipiga mpaka chai ikapoa.

Kipindi hicho hicho mama mkwe wangu alihamia kwetu. Yeye ni Mkisi wa Ikombe, kijiji cha kando ya ziwa, mfinyanzi tangu utotoni. Vyungu vyake vilipakiwa mitumbwini mpaka soko la Lyulilo, na vingine viliuzwa Mbeya na mbele zaidi. Lakini nyonga ilikuwa imeharibika. Hakuweza tena kuchuchumaa, wala kuzunguka chungu akikifinyanga, na wafinyanzi wa kwao ndivyo wanavyofanya, chungu kinatulia wao wanazunguka. Mume wangu akamleta kwa bajaji, na mzigo wake ulikuwa begi moja na mfuko wa plastiki wenye vijiwe.

Wiki za kwanza zilikuwa ngumu. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniumiza. Nikimwandalia uji alinishukuru, "Ndaga fijo, mwanangu," anakunywa, kisha anaweka mikono mapajani na kutazama barabara. Nilijaribu kumpa mchele achambue. Alichambua vizuri, kwa adabu, kama mgeni anayewasaidia wenyeji.

Jioni moja niliacha pedeli mbichi juu ya meza ya barazani, boksi tupu la bati jeupe lenye kutu pembeni. Niliporudi kutoka bombani nikamkuta ameishika, anaizungusha taratibu.

"Hiki kinapikia nini?"

"Hakipiki, mama. Kinabadilisha sauti ya gitaa la mwanao."

"Kinaibadilisha iwe ya nani?"

Akapitisha kidole gumba kwenye ukingo. "Kibaya," akasema. "Kazi yako ya ndani siioni, labda ni nzuri. Lakini nje ni kibaya. Mtu ataabudu vipi mbele ya kitu kama hiki?"

"Basi kipambe wewe, mama."

Nilisema kama utani. Yeye hakulichukua kama utani. Asubuhi yake alimwagiza mume wangu udongo mwekundu na ule mweupe kutoka kwao, na akataja mama gani achimbe na upande gani wa kilima.

Udongo ulipofika akauponda, akauloweka, akaupaka kwenye boksi. Ulipokauka ukapukutika wote kama unga. Akaupaka tena, mzito zaidi, ukapukutika tena. Akachanganya na mafuta ya kupikia, haukukauka. Alichanganya na ute wa yai, ukashika siku tatu kisha ukaanza kubanduka vipande vipande. Nilimwona anakasirika, na nikafurahi kimoyomoyo, maana tangu aje sikuwahi kumwona na hasira.

"Chungu kinakunywa udongo," aliniambia. "Chuma hakinywi kitu."

Nikamletea msasa na kopo la vanishi, ile wanayopaka maseremala kwenye vitanda. Akalisugua boksi kwa msasa mpaka likawa na mikwaruzo ya kushikilia, akakoroga udongo wake ndani ya vanishi, akapaka. Siku mbili baadaye akajaribu kwa ukucha. Haukutoka. Ndipo akaomba mfuko wake wa vijiwe. Vilikuwa vya ziwani, laini kama sabuni iliyotumika, na kimoja, alinieleza, kilikuwa cha mama yake. Akaanza kusugua ule wekundu taratibu hadi ukang'aa. Kisha akachukua mwiba, akachora mistari kuzunguka boksi, na pale mwiba ulipopita, bati likaonekana jeupe chini ya wekundu.

Nilifunga mitambo ndani, nikaweka swichi ya kukanyagia iliyoagizwa Dar es Salaam na ikaja na basi. Matundu mawili ya pembeni yaliyobaki wazi nilitaka kuyaziba, akakataa. Alikuwa ameyazungushia vidoti vyeupe.

"Acha. Hayo ni macho yake."

Nikayaacha.

Mazoezini ilifanya kazi vizuri kabisa. Mwalimu wa kwaya alifumba macho, akasikiliza ubeti mzima, akasema neno moja tu: "Hiyo." Kwa hiyo tulipoalikwa kuimba kwenye harusi Bujonde, mume wangu hakubeba kitu kingine.

Harusi ilikuwa saa saba mchana, uwanjani, katikati ya migomba na mikakao. Wageni walikaa chini ya turubai. Kwaya iliwekwa mbele, juani. Mama mkwe alikaa kwenye kiti cha plastiki ukingoni mwa turubai, amevaa kitenge kipya, amekaa makusudi pale ambapo angeiona pedeli yake. Wimbo ukaanza. Ikafika sehemu ya gitaa peke yake, mume wangu akakanyaga, na gitaa likanyamaza.

Halikuharibika vibaya, kwamba lipige kelele au likohoe. Lilinyamaza tu, likabaki likinong'ona. Akakanyaga tena, sauti ya kawaida ikarudi. Akakanyaga, kimya. Aliniangalia mimi niliyekaa chini ya turubai, na kwaya nzima ikaniangalia.

Nilienda mbio nikainama juu ya kile kisanduku. Nilipoinama, gitaa likaimba, likitetemeka vizuri kama mazoezini. Nikashukuru, nikarudi kukaa. Likanyamaza. Nikaenda tena, nikainama, likaimba. Wageni sasa walikuwa wanacheka.

"Linakuogopa," mume wangu akaninong'oneza, jasho likimtiririka.

Niligusa waya, nikagusa betri, kila kitu kilikuwa imara. Nikiwa nimeinama mara ya tatu nikasikia sauti ya mama mkwe nyuma yangu.

"Mwanangu, ni jua."

Nikageuka.

"Wewe ukiinama unalikinga jua. Ukiondoka jua linaingia kwenye macho." Alisema kwa utulivu, kama mtu anayetaja jambo linalojulikana na wote. Maisha yake yote alikuwa ameangalia jua linagusa wapi, maana chungu kibichi kikipigwa jua upande mmoja kinapasuka.

Alikuwa sahihi kabisa. Kile kijicho cha ndani kilikuwa kinaona mwanga wa saa saba mchana kupitia matundu, kikadhani kitaa kimewaka moja kwa moja, kikaizamisha sauti. Kibandani kwangu mna giza, kanisani mna kivuli. Sikuwahi kuijaribu juani.

Hapakuwa na muda wa kutengeneza. Mama mkwe akaivua kanga aliyojitanda mabegani, akanipa. Nikaifunika pedeli. Mume wangu akaingiza mguu chini ya kanga, akakanyaga, na gitaa likapanda juu ya uwanja wote, likitetemeka, mpaka akina mama waliokuwa wakipakua wali wakaacha miiko kwenye masufuria wakaja kucheza. Wimbo ule uliombwa mara tatu. Walioketi nyuma waliamini kuna kitu cha siri chini ya ile kanga, na hatukuwakatalia.

Tulipomaliza, mgeni mmoja alikuja, mpigaji gitaa kutoka upande wa Malawi, ndugu wa bibi harusi. Akaomba kuona. Mume wangu akaiondoa kanga. Yule mgeni hakuuliza habari ya sauti. Alichuchumaa, akafuata mistari kwa kidole.

"Nani kachora?"

Mume wangu akamwonyesha mama yake. Mgeni akaenda akampigia magoti, akamsalimia kwa heshima, akasema anataka yake, yenye mistari kama hiyo hiyo.

"Hiyo hiyo haiwezekani," mama mkwe akamjibu. "Nitakupa ya kwako. Na usiniharakishe, udongo una siku zake."

Njiani kurudi Ngonga mama mkwe aliipakata pedeli, akiyapitishia kidole yale matundu. Tulipokaribia nyumbani akaniuliza kama chuma kinaweza kushika nta. Kesho yake aliyeyusha nta ya nyuki, akachanganya na masizi ya sufuria, akayaziba macho yote mawili kwa ndani. Kwa nje ukitazama bado unayaona, meusi, yanang'aa.

Sasa ni miaka kadhaa. Pedeli zetu ziko Kyela, ziko Tukuyu, na nyingi zimevuka mpaka. Ndani ni kazi yangu, nje ni kazi yake, na tumeshagombana mara nyingi juu ya vitufe niviweke wapi ili nisiharibu mistari. Mara nyingi ninashindwa. Mikono yake siku hizi ina udongo kuanzia asubuhi, na mchele nachambua mwenyewe.

Mwezi uliopita aliomba tumpeleke Lyulilo siku ya soko, akawasalimie wenzake. Tulibeba gitaa, pedeli na spika ndogo ya betri. Wafinyanzi walikuwa wamepanga vyungu vyao mchangani, ziwa nyuma yao, wakamkumbatia na kuongea Kikisi kwa kasi ambayo mimi siifuati. Walipitishiana pedeli mkono kwa mkono, wakaigonga kwa vidole kama wanavyogonga chungu. Mmoja akataka kuisikia.

Mume wangu akakaa juu ya kreti. Mama mkwe tulimwekea mkeka na mito, akakaa ameegemea kando, pedeli mbele yake, na mwanawe alipotaka kusogeza mguu, yeye akausukuma pembeni. Akaweka kiganja juu ya swichi. Hajui nyimbo zile, hajui ni wapi mpigaji angekanyaga. Alibonyeza alipotaka, akaachia alipotaka, akiwatazama wenzake usoni, na mume wangu akawa anamfuata tu, akitabasamu huku ameinamisha kichwa. Mwanamke mmoja akainuka kumchagulia mteja chungu, akakichagua huku akicheza. Waliendelea hivyo mpaka betri ikaisha.