Kidole Gumba cha Mwalimu

Wasomaji watukufu, simameni wima: anapita mwalimu wa vijana wasiojua kusoma, mwenye chaki hadi kwenye nyusi. Mkaguzi aliyekuja kuamua kama darasa lake lifungwe alijibana nyuma, magoti yakigonga dawati, akiwinda kosa. Aliliona mara moja: kila mwanafunzi alikuwa na andiko lake. Binti mmoja alihangaika na ujumbe wa mchumba, mwenzake na maelezo ya dawa ya nywele, na kijana mrefu mwenye ndevu na ukurasa wa michezo. Mwalimu aliufunika mstari wa kijana huyo kwa kidole gumba, akakisogeza silabi baada ya silabi.

"Soma, babu, mpira unaisha!" wenzake wakamtania.

"Na-ho-dha... a-ko-sa... penalti." Kijana akaruka. "Kumbe kakosa! Na mimi jana nzima namtetea!"

Darasa likaangua kicheko. Mkaguzi hakuwahi kuona mtu akigombana na sentensi, akaamua hapo hapo kwamba darasa halifungwi. Akamsogelea mwalimu kwa unyenyekevu.

"Mama, hii mbinu ya kumpa kila mmoja andiko lake umeitoa wapi?"

"Vitabu havijaletwa," mwalimu akajibu.