Kipumulio cha Ubwa

Pale Mlandege ukinunua sufuria lililotoboka, muuzaji atakuapia kuwa tundu ni la kutolea mvuke. Suud hakuwa mtu wa namna hiyo, na ndiyo maana hakutajirika. Ujana wake wote alitengeneza majiko ya mafuta ya taa, yale ya kupigwa pampu. Watalii walipoanza kumiminika Unguja na wageni wakafungua vituo vya kuzamia, aligeukia vyombo vya mbizi vilivyokwisha tumika: miwani, mitungi ya hewa, na vipumulio, yaani ule mpira na mdomo wake anaoung'ata mzamiaji ili avute hewa ya mtungi. Mgeni akirudi kwao, Suud hununua mabaki yake. Huyaloweka maji matamu yatoke chumvi, akayafungua, akabadilisha vipira vilivyolika, kisha akawauzia wazamiaji wa majongoo bahari.

Sharti lake lilikuwa moja. Chombo hakitoki dukani mpaka yeye mwenyewe azame nacho Chukwani na kukivutia pumzi chini ya maji. Watu walimcheka, wakasema Suud anauza samaki aliyekwisha mtafuna. Yeye hujibu, "Tahadhari kabla ya hatari," akaendelea na bisibisi yake. Mwezi wa Ramadhani hakuzama kabisa, akichelea maji ya bahari yasije yakampita kooni yakamharibia saumu. Na kwa kuwa hakuzama, hakuuza.

Ramadhani ya mwaka 1997, katika kumi la mwisho, alimjia Ubwa kutoka Fumba. Ubwa alikuwa mzamiaji, na ni kaka wa Kidawa, mkewe Suud.

"Shemeji, changu kimekufa," alisema. "Na sasa maji mafu, bahari imetulia. Nkizikosa siku hizi, watoto Idi wataivalia nguo za mwaka jana."

Suud alikitazama kipumulio kilichoning'inia ukutani. "Kile pale nshakitengeneza, lakini sijazama nacho. Ningoje Idi ipite."

"Nipe, ntakijaribu mwenyewe. Bahari haimezwi, shemeji, labda mtu awe na njaa sana."

Suud alicheka, lakini mkono hakuunyoosha. Duka lilikuwa chumba cha mbele cha nyumba, na Kidawa, aliyekuwa ndani akichagua mchele, alisikia kila neno.

"Baba Yusra, mpe," alisema kutoka ndani. "Huyu si mtu wa kando."

"Kwa kuwa si wa kando ndiyo simpi."

Ubwa hakununa. Alimtania dadake kuwa kaolewa na kadhi wa vipumulio, akaaga, akaenda zake.

Lakini watoto walikuwa wakingoja nguo. Huko Fumba kulikuwa na watu wanaopakia mashine ya kujazia upepo matairi ya magari ndani ya boti, wakamteremshia mzamiaji mpira mrefu wa hewa. Ubwa akaenda nao. Siku ile upepo uligeuka, moshi wa mashine ukarudi pale pale panapovutwa hewa, na aliye chini hakuwa na njia ya kujua kuwa anavuta sumu. Walipouvuta mpira juu kwa kuwa umelegea, walimpata Ubwa keshakufa. Alizikwa Fumba kabla ya magharibi, na Suud alikuwa miongoni mwa waliobeba jeneza.

Waliokuja kumpa pole walimwambia ajali haina kinga. Maneno hayo husemwa katika kila msiba, wala hawakukusudia ubaya, lakini yalimkata maini, maana maisha yake yote alikuwa akitengeneza kinga. Kidawa hakumwambia pole. Alimwambia neno moja tu, "Ungempa," na baada ya hapo akawa anamwekea chakula, anakifunika kawa, anaondoka.

Idi ilipita bila mtu kuvaa kipya katika nyumba ile. Kisha Suud akakichukua kipumulio kile pamoja na mtungi uliojaa, akaenda Chukwani. Huko nyuma kila alipozama alimwomba Mungu chombo kiwe kizima. Safari hii aliomba kiwe kibovu. Alitaka kivuje, kikwame, kimwingizie maji mdomoni, ili aweze kujiambia kuwa alimnyima Ubwa kifo. Alikwenda chini zaidi ya kawaida yake, akalala ubavu, akajigeuza kichwa chini, akavuta pumzi fupi na ndefu. Hewa ilikuja laini, bila tone la maji. Hajapata kutengeneza chombo kikawa kizuri kama kile. Alilia ndani ya miwani mpaka akawa haoni, akapanda juu.

Aliporudi nyumbani, Kidawa alikuwa amesimama mlangoni. Alikitazama kipumulio kilichokuwa kikichuruzika maji.

"Kilikuwaje?" aliuliza.

Suud, ambaye hakupata kumdanganya mnunuzi hata siku moja, alimtazama mkewe.

"Kibovu," alisema. "Kinaingiza maji. Angezama nacho asingerudi."

Kidawa alikaa kitako pale pale kizingitini, akalia kilio alichokuwa amekizuia tangu maziko. Kisha akaushika mkono wa mumewe.

"Basi nlikudhulumu, Baba Yusra. Nisamehe."

"Nshakusamehe," alisema Suud.

Siku ile walikula sahani moja, na Kidawa alikuwa akimchambulia samaki na kumsogezea minofu. Suud alikula yote aliyosogezewa.