Ushuhuda wa Mama Mkwe

Mama mkwe alishuka kutoka Timboroa na chupa ya uji, akamkuta mwanangu wa miezi saba wodini, ana mrija wa oksijeni puani. Hata hakunisalimia. Aliushika auvute. Nikamkamata mkono kwa nguvu, na mpaka leo sijutii.

"Wewe, hujui hii ni mashine ya watu wa kufa? Umeona nani amewekewa hii akarudi nyumbani?"

Ai! Watu wetu hungoja mgonjwa awe wa kukata roho ndipo wakubali oksijeni, halafu lawama zote kwa oksijeni. Mtoto alikuwa bado ananyonya, akibembelezwa anatabasamu, na hilo ndilo lililomdanganya mama mkwe. Lakini asubuhi hiyo daktari alikuwa amempima damu akanieleza: nimonia ilikuwa kali kuliko ilivyoonekana usoni. Alama za kinga kwenye damu zilikuwa zimepanda sana, mwili unapigana kufa kupona, na hewa mwilini ilishaanza kupungua. Nilimweleza mama hivyo hivyo. Akanijibu kwamba damu anayoiamini yeye ni ya Yesu.

Basi nikawa askari wa mrija. Nikienda chooni, namwachia mama wa kitanda cha pili anilindie. Mtoto akapona.

Jumapili, kanisani kwetu hapa Eldoret, mama mkwe akapewa kipaza sauti. "Walitaka kumuua na oksijeni! Nikakataa, nikaomba!" Vigelegele. Nilisimama nikasema huo ni uongo, ni hiyo hewa iliyomwokoa. Kiongozi wa sifa akaanzisha pambio, nikabaki napiga kelele peke yangu kama mwenda wazimu. Hasira niliyokuwa nayo!

Jirani yangu, muuza mitumba, alikuwa hapo akipiga makofi. Mvua zilipoanza, binti yake mchanga akabanwa kifua. Hospitalini damu ikapimwa, akaambiwa ni nimonia kali, mtoto awekewe oksijeni. Akakataa. Nilimpigia simu nikamsihi huku nalia.

"Una roho mbaya," akaniambia. "Wako aliombewa, wangu ndio awekwe kwa mashine?"

Tulimzika Jumamosi. Mama mkwe ndiye aliyeongoza maombi, tena kwa sauti kubwa, akimshukuru Mungu aliyetoa na aliyetwaa. Nilisimama nyuma, mwanangu amelala mgongoni. Maombi yalipoisha, jirani yangu alikuja akamshika mtoto mguu, akaniuliza polepole, "Kwani nyinyi mliomba vipi?"