Faudhia na kurasa zinazoanikwa uani

Saa nne asubuhi, uani nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, Old Korogwe, Faudhia Mhina anaanika. Kamba ni ya nguo na vibanio ni vya nguo, lakini kinachoning'inia ni kurasa za gazeti, na upepo unaotoka upande wa mto unazichezea.

"Haya, nani anaanza?" anauliza mhariri, Hamisa.

Anaanza Umesh, mwenye duka, ambaye pia ndiye mwenye nyumba. Ofisi ya gazeti imepanga chumba chake cha nyuma. Si mwandishi wala hana mpango wa kuwa mwandishi. Anasimama mbele ya ukurasa wa tatu, mikono nyuma, kama anakagua mabati.

"Jicho langu limeanzia kwenye picha ya pikipiki," anasema. "Pikipiki inaelekea nje ya gazeti, na mimi nikaondoka nayo. Habari yenyewe sijaiona mpaka sasa."

Watu wanaangua kicheko. Faudhia, aliyeupanga ukurasa huo, anauma mdomo na kunyamaza. Haruhusiwi kujibu.

Huo ndio utaratibu wa kuanika. Kila wiki, kabla gazeti halijapelekwa kiwandani kuchapwa, kurasa hutundikwa uani na watu wakazisema. Msemaji hutaja kwanza jicho lake lilipoanzia na lilipoelekea. Hakuna kusema "mbaya" au "nzuri" bila kuonyesha mahali kwa kidole. Na aliyepanga ukurasa hufunga mdomo mpaka wa mwisho amalize.

"Kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote," anasema Faudhia. "Unatamani kumwambia mtu, we baba, hujui nilivyohangaika! Lakini msomaji wa Kabuku hatakuja kuniuliza nilivyohangaika. Atafungia maandazi."

Faudhia, mwenye miaka 34, ni msanifu wa kurasa wa Mwangwi wa Lwengera, gazeti dogo la kila wiki linalosomwa Korogwe na Handeni. Waandishi huandika, wapiga picha hupiga. Yeye ndiye anayeamua habari ikae wapi, picha iwe na ukubwa gani, na kichwa cha habari kipige kelele au kinong'one. Mshahara wake haufiki laki nne kwa mwezi, kwa hiyo jioni hutengeneza kadi za harusi, na humu mjini hakuna bibi harusi asiyemfahamu.

Alizaliwa Kabuku, kwa wazazi wakulima. Alikuja Korogwe kuchapa barua kwenye steshenari, na huko ndiko alikokutana na Mzee Fransisko, msanifu wa kwanza wa gazeti hili, aliyekuwa akipeleka matangazo kuchapwa. Mzee aliona jinsi binti alivyokuwa akizipanga barua za watu, akamwambia aache kupoteza mkono mzuri kwenye barua za kuomba ruhusa.

Hakumfundisha kwa kompyuta. Alitandaza kanga mezani.

"Alinionyesha pindo, akanionyesha mji, ile sehemu ya katikati, akanionyesha jina, yale maandishi," anakumbuka Faudhia. "Akasema, aliyebuni kanga alijua kupanga ukurasa kabla yetu sote. Pindo ukiliondoa, macho yanamwagika. Jina ukiliweka popote tu, halisomeki."

Ukurasa wake wa kwanza ulipoanikwa, Mzee Fransisko aliukosoa mpaka binti akalia. Alipanda basi akarudi kwao. Mama yake alikuwa anapukuchua mahindi, akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza: "Amekutukana?" Hapana. "Amekufukuza?" Hapana. "Basi amekosoa karatasi. Karatasi haina mama. Wewe unalia nini?"

Kesho yake alirudi kazini, na tangu hapo wamekuwa baba na binti. Mzee alipostaafu na kubaki nyumbani Kilole, hakukosa kuja kuanika. Alikuwa akipita mbele ya kurasa taratibu, fimbo mkononi, na kusema: "Pazuri, mwanangu. Pazuri sana." Faudhia aliona amefika.

Mtihani ulikuja mapema mwaka huu, gazeti lilipotimiza miaka kumi na mitano. Hamisa alimwomba Mzee Fransisko apange ukurasa mmoja kwa mkono, kwa mkasi na gundi, wasomaji waone kazi ilivyofanywa zamani. Mzee alifurahi kama amepata mjukuu. Aliuleta mwenyewe asubuhi ya kuanika, umeviringishwa ndani ya gazeti, kisha akaenda dukani kwa Umesh kunywa chai.

Hamisa na Faudhia waliufungua ndani, wawili peke yao.

Safu zilikuwa zimepinda. Hilo lingevumilika, mkono wa mtu mzima. Lakini chini ya picha ya zamani ya wazee wa baraza, wameketi na kofia zao, maelezo yalisomeka: "Madume ya mbegu yaliyonunuliwa mnadani Handeni, yakisubiri kupimwa uzito." Na chini ya picha ya madume ya ng'ombe yalikuwapo majina ya wazee, mmoja baada ya mwingine, bila kukosa hata la marehemu babu yake Hamisa.

"Bandua," Hamisa alinong'ona. "Bandua, badilisha, tubandike upya. Mzee wa watu tusimwaibishe."

Ilikuwa kazi ya dakika tano, na gundi ilikuwa mezani. Faudhia alishika mkasi, akauweka chini.

"Mzee Fransisko ndiye aliyenifundisha kuyasoma maelezo ya picha kwa sauti mara tatu," anaeleza. "Mtu huyo hawezi kukosea kwa uzembe. Nikajua tu, haoni. Sasa nikibandua kimyakimya, gazeti limepona, mwalimu wangu je? Atabaki hivyo hivyo gizani, na mimi ndiye nitakayekuwa nimemfungia mlango."

Akaupeleka uani, akautundika ulivyo.

Kulikuwa na watu wanne tu: Hamisa, Umesh, Mzee mwenyewe na Faudhia. Umesh alisoma yale maelezo, akakohoa, akageuka kutazama ukuta. Hamisa alisema jicho lake limeanzia kwenye kichwa cha habari, likabaki hapohapo. Zamu ya Faudhia ikafika.

"Shikamoo, mwalimu," Faudhia alianza, ingawa walikwisha kuamkiana.

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Jicho langu limeanzia kwa wazee wa baraza. Likashuka kwenye maelezo, likakwama. Maelezo ya wazee yako kwa ng'ombe, na ya ng'ombe yako kwa wazee." Akaonyesha kwa kidole, kama alivyofundishwa. "Mwalimu, wewe si mtu wa kukosa maelezo. Ni macho?"

Mzee Fransisko aliheshimu utaratibu wake mwenyewe. Alikuwa kimya mpaka wa mwisho alipomaliza.

"Rekebisha," alisema hatimaye. Akachukua fimbo na kofia, akatoka kupitia dukani bila kumuaga mtu.

Wiki hiyo hakuja, wala iliyofuata. Faudhia alipiga simu, haikupokelewa. Alimtuma Umesh, naye akarudi na jibu la mkewe Mzee, Mama Pendo, kwamba mwenyewe amelala. Saa tano asubuhi! Faudhia anakiri kwamba siku zile alikonda. Alijiuliza kama ametenda haki au ni utovu wa adabu uliovaa joho la ukweli.

"Nilimwambia, dada, tulia," anasema Umesh. "Mficha maradhi kifo humuumbua. Afadhali aumbuliwe na mwanawe, uani kwangu, mbele ya watu wanaompenda."

Wiki ya tatu simu ikaita. Ilikuwa sauti ya Mzee mwenyewe, kavu, bila salamu ndefu. "Unayajua mambo ya hospitali? Basi njoo unipeleke."

Daktari alikuta mtoto wa jicho kwenye macho yote mawili. Kwenye benchi la kusubiri ndipo Mzee alipofunguka. Zaidi ya mwaka alikuwa akisoma kwa kukisia. Alitambua wimbo kanisani kwa kusikiliza jirani. Na alipokuja kuanika, alichokiona kwenye kamba ni weupe tu unaopepea.

"Nikamuuliza, na zile 'pazuri sana' zote?" Faudhia anasimulia, anacheka na kufuta machozi kwa mtandio. "Akasema, mwanangu, ningesema nini? Nilijua ni wewe uliyepanga, nikasema pazuri."

Jicho la kulia lilipasuliwa kwanza. Bandeji ilipofunguliwa na siku za kupumzika kuisha, Faudhia alikwenda Kilole na gazeti jipya kwapani. Mama Pendo alimkaribisha, akaenda jikoni. Mzee alilipokea gazeti, akatoka nalo hadi barazani kwenye mwanga, akafumba jicho la kushoto, akalisogeza karibu, akalisogeza mbali. Akageuza kurasa moja moja mpaka ya mwisho. Faudhia alikaa kimya, kama utaratibu unavyotaka.

"Hapa umebana," alisema mwishowe, kidole kwenye ukurasa wa tano. "Picha haina pa kupumua. Na hapa herufi zimekuwa ndogo, unadhani wasomaji wote wana miaka ishirini? Na huu wa saba..." Akatikisa kichwa. "Huu wa saba nani alikuruhusu?"

Faudhia anasema alitamani kumkumbatia, ila adabu ilimzuia, akaishia kuomba maji ya kunywa.

Jicho la pili litapasuliwa daktari akiridhika na la kwanza. Faudhia naye ana mpango wa kuwakusanya waandishi wa Handeni, pale Kabuku, awafundishe kuanika, na Mzee ameahidi kwenda. Lakini kuna kazi anayotaka itangulie. Ametoa magazeti yote ya kipindi mwalimu wake alipokuwa haoni, ameyafunga kwa kamba, na anayapeleka Kilole machache machache.

"Hizo sifa zote alizonipa nimemrudishia," anasema. "Nimemwambia, mwalimu, anza upya. Nikosoe."