Baiskeli Imeshanisalimia

Siku ile ya vilima vya Bunda bado naiona wazi, mwanangu, ingawa ndevu zimekuwa nyeupe. Naikumbuka zaidi leo, maana wewe na wenzako mnaondoka hapa Igoma kuendesha baiskeli siku tatu mpaka Musoma. Nawasifu. Miguu mnayo. Lakini nisikilize kidogo, mimi niliyeishia darasa la nne na karakana hii nimeijenga kwa mikono yangu.

Njia hiyo niliipita nikiwa kijana, peke yangu. Nilikuwa nakwenda Musoma kujitambulisha kwa wazazi wa binti niliyempenda. Baba yake alisema Jumamosi. Nisipoonekana Jumamosi, kuna mwingine alishapeleka barua ya posa.

Alhamisi nililala Magu, Ijumaa Lamadi. Jumamosi asubuhi nikavipanda vilima bila kukanyaga chini hata mara moja. Kileleni nikampita mzee anafunga kamba kwenye zizi lake. Kwetu kijana hushuka kwenye baiskeli ndipo amsalimie mkubwa, nawe unajua. Mimi nikapiga kengele, nikapaza sauti nikiwa juu ya kiti: "Shikamoo mzee!"

Akajibu, "Baiskeli imeshanisalimia. Mwenyewe yuko wapi?"

Wanawake waliokuwa kisimani wakaangua kicheko. "Mwache, baba," mmoja akasema, "labda wamemfunga kamba hapo juu!"

Aibu ikanishusha. Nikarudi naikokota baiskeli. "Shikamoo baba."

"Marahaba. Habari za utokako? Mvua? Wazazi hawajambo?"

Hakuwa na haraka hata chembe. Mimi natazama jua, yeye anauliza mpaka habari za ng'ombe ambao sikuwa nao. Huku anauliza, mkono wake unapapasa usukani, ukateremka mpaka kwenye uma wa mbele, ule unaoshika gurudumu. Akainama.

"Hebu ona."

Uma ulikuwa na ufa wa kuingia ukucha. Na mbele yangu ulikuwepo mteremko mrefu, wenye mawe.

"Huko chini tungekuokota vipande," akasema.

Nikakaa chini nikalia. Sioni haya kusema. Sikulilia roho yangu, nililia Jumamosi yangu. Nikamweleza yote. Mzee akaingia ndani, akatoka na baiskeli yake mwenyewe, imefutwa inang'aa.

"Panda. Utairudisha ukirudi."

"Baba, wewe hunijui."

"Sasa si tumesalimiana?"

Nilifika Musoma jua halijazama. Binti mwenyewe ndiye huyo aliyekupa chai. Na nilipoirudisha baiskeli ya watu, nilishuka mbali kabisa, nikaikokota mpaka mlangoni kwake. Uma wangu alishaupeleka kuchomelewa. Nimeshakutana na wenye vyeo na magari, mwanangu, lakini mkubwa kama yule sijamwona tena. Hata ufundi wangu ulianzia kwenye mkono wake. Baiskeli ikiingia hapa, kwanza napapasa uma.

Basi nakuambia hivi: mjini piga picha, boma la Mjerumani litazame, vilima uvipande kwa sifa, ni haki yako. Lakini ukimkuta mkubwa kando ya njia, funga breki. Shuka, miguu yote miwili iguse ardhi. Msalimie mpaka yeye amalize, jua acha liende.

Nenda, Mungu akushike kwenye kila mteremko, akufikishe na akurudishe mzima. Uma wako nimeshaupapasa. Hauna ufa.