Nilipomnyamazisha Mke wa Fundi Rajabu

Mwanangu, ipo asubuhi moja ninayoikumbuka kuliko zote za ujana wangu, na kwa kuwa umeanza mafunzo wodini, nakusimulia.

Nilikuwa daktari mpya, binti wa kata ya Turwa aliyefaulu, na sifa zilinivimbisha kichwa. Nilipangiwa wodi ya magonjwa ya ndani. Asubuhi hiyo akaletwa Fundi Rajabu, mshona nguo wa Mugumu, kwenye machela. Mkono na mguu wa kulia vimelegea, haitiki, shati limelowa jasho. Mkewe, Bi Zaituni, alikuwa ubavuni pake.

"Daktari, mume wangu tangu jana mchana..."

"Mama, subiri nje. Nitakuita."

Sikumwita. Nilimpima mgonjwa haraka, nikaandika: kiharusi. Kisha nikatoka kuwaambia ndugu zake kwamba hali ni mbaya, wajiandae kwa lolote. Kaka yake akaketi sakafuni palepale. Nami, Mungu anisamehe, nilijiona nimesema kama bingwa.

Bingwa mwenyewe, Dakta Wambura aliyekuwa akitufundisha, akafika. Nikamwamkia, nikamsomea faili kwa madaha. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Sukari yake ni ngapi?"

Sikuwa nimepima.

"Mkewe amesemaje?"

Nikakiri kwamba nilimtoa nje kabla hajamaliza kusema. Hakunifokea, mwanangu, na ingekuwa nafuu angefoka. Alitoka mwenyewe, akamwamkia Bi Zaituni, akamwuliza. Mama akaeleza kwamba mumewe ana kisukari. Alikuwa anakimbizana na sare za wanafunzi, akawa anameza vidonge vyake bila kula chochote tangu jana mchana.

"Nilitaka kumwambia binti huyu," akamalizia, bila hasira.

Muuguzi akamtoboa mgonjwa kidole. Sukari ilikuwa imeshuka mno, na ikishuka hivyo huweza kuiga kiharusi. Dakta Wambura akanikabidhi sindano ya glukosi. "Mpe wewe."

Niliisukuma polepole mshipani. Vidole vya kulia vikacheza, kisha mkono ukainuka. Fundi Rajabu akafumbua macho, akatuangalia mmoja mmoja.

"Zaituni, nani amefunga duka?"

Wodi nzima ililipuka kwa makofi. Kaka yake aliingia akilia na kucheka kwa pamoja. Dakta Wambura akaniinamia sikioni: "Bhoke, ulikuwa unamzika mtu mwenye njaa."

Tukamlaza siku mbili, maana nguvu ya vidonge ilikuwa bado mwilini, na mimi ndiye niliyempima sukari tena na tena. Nilimwomba Bi Zaituni msamaha. Akanishika mkono, akasema, "Sasa umekuwa daktari." Siku ya tatu mumewe alitoka kwa miguu yake mwenyewe, akawahi sare za watoto. Nimepata vyeti vingi tangu hapo, nikawa bingwa, nikafundisha wengi. Furaha ya siku ile haijapata mwenzake.

Basi shika haya. Waliosema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake hawakukosea: anayeishi na mgonjwa anajua usiyoyajua, mkaribishe aseme. Pima lililo rahisi kabla ya kutamka lililo zito. Ukikosea, kiri, kisha rudi kitandani kwa mgonjwa ufanye kazi.

Mungu akupe masikio mapana na mikono myepesi, mwanangu. Waingiao wodini kwako wakibebwa, watoke wakitembea.